Samaki wa Mti Mwenye Ulimi wa Kijiko

Droo ya jikoni kwa Mama Vijiko haifunguki mpaka uipige teke kidogo upande wa chini, na ukishaifungua usishtuke. Vijiko vya kulia humo ni vichache. Vilivyojaa ni vishikio, virefu kwa vifupi, vimekatwa shingo kwa msumeno mwembamba na vichwa havipo. Mgeni mmoja aliwahi kudhani ni vifaa vya hospitali. Yeye mwenyewe huvitumia kufungulia makopo na kukwangulia ukoko, na siku za mvua wajukuu huvipigia ngoma kwenye ndoo. Kutupa, hatupi hata kimoja.

"Bibi, vichwa vyake viko wapi?" wajukuu huuliza.

"Vimeliwa na samaki," huwajibu. Wao hucheka wakidhani ni utani, naye huwaacha wacheke. Lakini ni kweli tupu.

Aliyevikata alikuwa mume wake, Fundi Saa, Mungu amlaze pema. Kibanda chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa duka la dawa, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alibaki nje akaingiza mkono tu. Humo alikaa miaka na miaka, kioo cha kukuzia cha mafundi saa kimebanwa kwenye jicho lake la kulia, ameinamia vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Jicho hilo lilizoea kubana kioo mpaka hata kwenye sala alikuwa amelikunja. Mama Vijiko alikuwa akimkanyaga mguu taratibu.

"Fungua jicho, mume wangu. Mungu haonekani kwa darubini."

Mtu huyo mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mteja mkorofi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni uvuvi. Akifunga kibanda, akili yake ilikuwa imeshafika ziwani. Mwenzake wa ziwani alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa Mama Vijiko, ambaye mtaa mzima ulimwita Nahodha. Chombo kikubwa alichowahi kukiongoza ni boti ya mbao ya rangi ya buluu yenye nafasi ya watu wawili na kikapu cha chakula, lakini ukimwita kwa jina jingine hageuki.

Huyu Nahodha ndiye aliyemlea Mama Vijiko. Wazazi wao walifuatana kuondoka duniani, dada akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, na kaka ndiye aliyemfungia. Alimsuka nywele mwenyewe asubuhi kabla ya shule, mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, na watoto wa darasani walimcheka. Hakumwambia kaka yake hata siku moja kwamba anachekwa. Siku alipoolewa, kaka alimletea saa ya mezani ya kengele iliyokuwa ya mama yao. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha Nahodha kwenda ziwani tangu ujana wake.

"Sasa wewe ndiye utakuwa na watu wa kuamsha," alimwambia. "Mimi jogoo wapo."

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya chakula, Mama Vijiko aliijaza ile saa. Krr, krr, krr. Ilikuwa sauti ya nyumba yake, kama kwingine ilivyo sauti ya kufunga mlango.

Sasa turudi kwenye vijiko. Fundi Saa hakupenda kuvua kwa minyoo. Alichonga samaki wa mti mwepesi, akampaka rangi, akamtilia madini ya risasi kidogo tumboni ili asigeuke chali, akamning'inizia ndoano, na mdomoni akamwekea ulimi wa bati gumu. Bati lililomfaa kuliko yote lilikuwa kichwa cha kijiko, kwa kuwa kimeshajipinda chenyewe. Ulimi huo ndio akili yote ya samaki wa mti. Ukiusimamisha wima, samaki ukimvuta anatembea juu juu huku akitikisa mkia. Ukiulaza mbele, maji yanamkandamiza kichwa naye anapiga mbizi mpaka chini kwenye giza, wanakolala wakubwa.

Basi sanduku lao lilikuwa na samaki wa juu na samaki wa kati na samaki wa chini, na kila walipobadilisha kina walikata mshipi na kufunga samaki mwingine. Kufunga ilikuwa kazi ya Nahodha. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini fundo lilikamilika kabla hujapepesa macho. Fundi Saa, ambaye angeweza kufunga springi ya saa ya mkono akiwa anapiga chafya, alikuwa hajui fundo hata la kufungia mbuzi.

"Shemeji, wewe chonga," Nahodha alikuwa akimwambia. "Kufunga tuachie wanaume."

"Na kupika nani atapika, wanaume?" Mama Vijiko alikuwa akiitikia kutoka jikoni, akihesabu vijiko vyake.

Ndivyo walivyoishi. Kisha kiharusi kikampiga Nahodha akiwa amesimama mlangoni kwake, ana kikombe cha chai mkononi.

Maneno yalirudi. Mguu ulirudi, ingawa ulikuwa ukiburura kidogo. Mkono wa kulia ulikataa. Ulining'inia ubavuni kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Mganga wa hospitali alimpa mpira wa kuminya, naye akauminya siku chache, kisha ukabingirika chini ya kitanda na hakuuomba tena. Dirisha la chumba chake lilitazama ziwa. Siku moja Mama Vijiko alipokwenda kumwona alikuta kiti kimegeuzwa, kaka yake ameelekea ukutani.

"Wifi, nani kageuza kiti?" alimuuliza mke wa Nahodha pembeni.

"Mwenyewe. Kakiburura kwa mkono mmoja, jasho linamtoka, na kusaidiwa kakataa." Wifi alishusha sauti. "Na kuna jingine. Kamwita Mkodisha Boti. Kamuuzia boti, anakuja kuichukua Jumamosi."

Mama Vijiko aliketi pale pale kwenye ngazi. Alimjua kaka yake. Ile boti ikiondoka, hakitabaki kitu cha kumtoa kwenye kile kiti. Ataelekea ukuta mpaka ukuta umchoke. Alirudi nyumbani njia nzima anaomba kimoyomoyo, naye hakuomba mkono upone, maana daktari alishawaambia kuwa hautapona. Aliomba kaka yake apate sababu ya kugeuza kiti.

Jioni alimweleza Fundi Saa habari hizo. Asubuhi kijiko kimoja hakikuonekana.

Fundi alichofikiria ni hiki: shemeji hawezi kufunga fundo, basi apatikane samaki mmoja asiyehitaji kufunguliwa. Samaki wa juu na wa kati na wa chini, wote ndani ya mwili mmoja, kwa ulimi unaobadilika. Alifunga kibanda mapema. Alichonga, akatoboa, akaushika ulimi kwa skrubu ndogo kila upande wa shavu. Ukitaka kubadilisha, unalegeza skrubu, unaulaza au unausimamisha ulimi, unakaza. Alimpaka samaki mgongo wa kijani na tumbo la fedha, na macho akamtia kwa ncha ya sindano. Alikuwa mzuri yule samaki, hata Mama Vijiko alisahau kuuliza kijiko.

Walimpelekea wote wawili. Nahodha alimpokea kwa mkono wa kushoto, akamgeuza, akamtazama shavuni. Kwa mara ya kwanza tangu augue, uso wake ulichangamka.

"Ulimi unatembea?"

"Unatembea, shemeji! Unalegeza hapa na hapa kwa bisibisi hii ndogo, unaweka utakavyo, unakaza. Hakuna kufunga tena. Rahisi kabisa."

Nahodha aliitazama bisibisi aliyonyooshewa. Samaki alikuwa mkononi mwake, na mkono ndio huo huo.

"Na hiyo bisibisi niishike na nini?" aliuliza taratibu. "Na meno?"

Fundi Saa alibaki amenyoosha bisibisi hewani. Mtu aliyekula ujana wake wote mkono huu umeshika saa na mkono huu umeshika bisibisi, haikumpitia akilini hata kidogo kwamba kitu kinaweza kufunguliwa kwa namna nyingine.

"Chukua samaki wako, shemeji. Ni mzuri. Mtundike ukutani." Nahodha aliurudia ukuta. "Tena hapa pangu pana nafasi."

Walipofika uani kwao Fundi Saa alisema, "Mke wangu, nifunge mkono."

"Nikufunge nini?"

"Huu wa kulia. Nifunge kiunoni, ukaze. Nataka kujua."

Alimfunga kwa mtandio wake wa zambarau. Akaenda kazini hivyo hivyo, mtandio wa mkewe kiunoni, na mtaa wote ukapata cha kusema. Muuza dawa alitoka dukani kwake kuja kumtazama.

"Fundi, umegombana na mama watoto au umekuwa bibi harusi?"

"Najifunza kazi," alijibu Fundi Saa, huku kifuniko cha saa ya mteja kikimponyoka na kubingirika hadi kwenye mtaro.

Siku hiyo hakutengeneza saa hata moja. Alirudi nyumbani shati limefungwa vifungo upande upande, mchuzi umemmwagikia kifuani, na machozi yamemlengalenga.

"Hata kifungo, mke wangu," alisema. "Hata kifungo cha shati. Nami nimempelekea skrubu."

Mama Vijiko alimfungua mtandio, akamrekebishia vifungo kimoja kimoja kama mtoto. Hakumkaripia wala hakumsifu. Alikuwa na mjukuu wao wa kwanza ubavuni, amelala, na sufuria ilikuwa ikitokota, basi akaenda kutia mafuta. Mkono mmoja umembeba mtoto, mwingine ukachukua chupa, ukaikumbatia kiganjani, na kidole gumba kikasukuma kifuniko. Tak. Akamimina. Kidole gumba tena. Tak. Akairudisha.

Fundi Saa alikuwa anamtazama mdomo wazi.

"Fanya tena."

"Nifanye nini tena? Mafuta ni ghali."

"Fanya tena, usimimine. Hivyo na kidole gumba."

Akafanya tena. Maisha yake yote alikuwa akifanya hivyo, tangu watoto wake wakiwa wachanga. Mwanamke anayelea ana mkono mmoja tu, ule wa pili ni wa mtoto. Hakuwahi kuona kama ni ujuzi.

"Ndugu yangu," alisema Fundi Saa, kama alivyomwita pale tu anapozidiwa na furaha, "nimekaa nyumba moja na wewe muda wote huu, kumbe fundi ni wewe!"

"Fundi ni yule anayenirudishia vijiko vyangu."

Basi hesabu ikawa hiyo: samaki alale chali kiganjani, ndoano zining'inie nje ya vidole zisimchome, na kidole gumba kisukume ulimi. Pasiwe na skrubu. Lakini ulimi unaosukumika kwa kidole husukumika pia na maji. Alipomjaribu kwenye karo refu la kufulia pale uani, akimvuta kwa uzi kutoka mwisho hadi mwisho huku mkewe akikamua mashuka, ulimi ulikunjika na samaki akaogelea kiubavu kama mlevi. Ulihitaji kitu cha kuushika mahali pake, kisha kiuachie kidole kinapoamuru. Kigurudumu chenye meno, na kikucha cha kuyadaka yale meno. Magurudumu ya saa za mkono yalikuwa madogo mno. Alipekua makopo yake yote. La saa ya ukutani lilikuwa kubwa kuliko shavu la samaki.

Jioni, wakati wa kujaza saa, alisimama mlangoni. Krr, krr, krr. Mama Vijiko aliinua macho, akaona mumewe anaiangalia ile saa ya mezani, kisha anaangalia pembeni, kisha anaiangalia tena.

"Usiniambie," alisema.

"Sijasema kitu."

"Unataka kuichinja saa ya mama yangu."

"Kigurudumu kimoja tu. Kile cha kujazia. Ila ukweli ni kwamba kikitoka, haitatembea tena, na kingine cha kuifaa sijakiona miaka mingi." Alijikuna kichwa. "Ukisema hapana, ni hapana. Sitakasirika."

Aliipakata saa mapajani. Iliwaamsha watoto wake wote kwenda shule, ikamwamsha yeye kusali, na kabla ya hapo ilikuwa ikimwamsha kaka yake, enzi yeye bado msichana mdogo amelala chumba cha pili, akisikia kaka anaizima haraka ili asimwamshe. Ilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mama yake alikigusa. Alikaa nayo mpaka chakula kikapoa.

"Chukua," alisema mwishowe. "Kaka ndiye aliyenipa. Mrudishie."

Ijumaa mchana samaki alikuwa tayari. Fundi Saa alikuwa amekisugua kile kikucha kwa msasa, kikakubali kwenda mbele na kurudi, na springi aliikunja mara mbili ili maji yasiishinde. Hakumpaka rangi mpya. Alisema rangi inaweza kungoja, Jumamosi haingoji.

Nahodha hakugeuka walipoingia.

"Mmekuja na bisibisi?"

"Tumekuja mikono mitupu," alisema Fundi Saa. Akamweka samaki kwenye kiganja chake cha kushoto, chali, akarudi nyuma, akaificha mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Nahodha alimtazama yule samaki. Wifi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Kisha kidole gumba, kinene, chenye kovu la mshipi, kikapapasa shavu la samaki, kikaukuta ulimi, kikasukuma.

Krr.

Akaacha. Akasukuma tena. Krr. Akaurudisha. Krr, krr. Alikiinamisha kichwa karibu na samaki, akasikiliza kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Huu mlio naujua," alisema.

Alimtafuta dada yake kwa macho, na ili kumwona ilibidi ageuze kiti. Mguu ulikwaruza sakafu, kiti kikaguna, na akawa ameupa ukuta mgongo.

"Sasa huko kwako nani atawaamsha?"

"Jogoo wapo, kaka," alisema Mama Vijiko.

Midomo ya Nahodha ilitaka kusema kitu ikashindwa, na safari hii haikuwa kiharusi.

"Mwacheni hapa," alisema. "Nendeni. Mwacheni hapa tu."

Habari ya boti hakuigusia. Usiku huo Mama Vijiko alilala nusu usingizi. Alipoamka, mumewe hakuwapo kitandani, akadhani amewahi kibandani kufidia kazi alizolaza. Jua lilipopanda, Mkodisha Boti akaja na kijana wake wa kusukuma, wifi akiwaongoza, na ikabidi yeye na wifi yake wawapeleke ufukweni, maana neno la mwanamume lilikuwa limeshatolewa. Alitembea miguu mizito kama anafuata jeneza.

Kwenye mchanga palikuwa na alama ndefu ya kuburura, na pembeni yake alama za miguu, moja ikiwa inaburura pia. Boti haikuwapo.

"Mmeshaiuza kwa mwingine?" Mkodisha Boti alikunja uso.

Kabla hajajibiwa, sauti ilivuma kutoka majini.

"Vuta wa kushoto, shemeji! Kushoto! Huko ni kulia huko! Unapiga makasia au unafukuza nzi?"

"Usinipigie kelele, unafukuza samaki!"

"Samaki wanakucheka wewe! Wamekuja juu wote kukutazama!"

Mama Vijiko alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Kule, ile boti ya buluu ilikuwa inazunguka kama kuku mwenye kizunguzungu. Fundi Saa amegeuka mgongo anahangaika na makasia, na Nahodha ameketi nyuma, mshipi mkononi mwake wa kushoto. Aliuvuta kidogo kidogo, kila pindi akiukanyaga kwa mguu usirudi, mpaka samaki wa mti akatoka majini akimetameta. Akampokea kiganjani, na kwa mbali dada yake aliona kidole gumba kikisogea. Mlio hakuusikia, lakini aliujua ulipolia. Nahodha akamtupa tena majini. Safari hii kwenye kina.

"Basi nisubiri?" aliuliza Mkodisha Boti.

"Karibu chai," alisema wifi, huku machozi yanamtiririka bila aibu.

Walirudi na samaki mmoja, tena wa wastani, asiyetosha sufuria mbili. Nahodha alidai mkubwa alichomoka kwa sababu ya mpiga makasia. Fundi Saa viganja vilikuwa malengelenge, naye akavionyesha kwa furaha. Mkodisha Boti akakohoa, akauliza vipi kuhusu boti.

"Boti ipi?" alisema Nahodha, akamwomba radhi baadaye, na yule bwana hakuweka moyoni.

Walikwenda miaka mingi baada ya hapo. Fundi Saa hakujifunza kupiga makasia wala kufunga fundo. Siku ya kwanza ya yule samaki, fundo lilifungwa na wifi nyumbani kwa nguvu zote kabla hawajatoka, kwa namna anavyofunga magunia, naye akamficha Mama Vijiko siri hiyo mpaka ufukweni. Fundi Saa aliwatengenezea samaki kama yule watu wengine walioomba, ndiyo maana droo iko vile. Alitangulia yeye, aliyekuwa mzima wa mikono miwili, na Nahodha akabaki. Ndivyo Mungu alivyopanga.

Siku hizi Nahodha huja kula kwa dada yake baada ya sala. Saa ya mezani ipo kwenye rafu, mishale imesimama, na karibu yake yupo samaki, rangi imekwanguliwa na meno ya samaki wa kweli, ndoano zimetolewa kwa ajili ya wajukuu. Wiki iliyopita dada alimwekea sahani na kijiko kipya, kinang'aa.

Nahodha alikitazama, akakipima kwenye mwanga.

"Hiki kina mpindo mzuri," alisema. "Shemeji angekiona hiki, usingekula nacho kesho."

"Ndiyo maana nilikificha."

"Ulikificha wapi?"

"Nyuma ya unga. Nimezoea."

Wakacheka mpaka Nahodha akapaliwa. Kaka alinyoosha mkono wa kushoto kwenye rafu, akamchukua samaki, akamlaza kiganjani. Krr, krr, krr. Mama Vijiko akainuka kwenda kupakua chakula, maana ulikuwa ndio wakati wake.